Furu, Kihangaza na Kitabu cha Mageuko

Mwaka jana mpwa wangu aliyeko Ngara aliniuliza, “Mjomba, nisome kitabu gani nipate kuelewa mageuko ya viumbe? Mimi si mtu wa biolojia.” Mada hiyo aliikuta kidato cha nne, kwa Kiingereza; akaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha ikamtoka. Kwa kudhani kwamba maji safi hutekwa kwenye chemchemi, nilimpelekea kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1859, The Origin of Species. Baada ya wiki mbili akanirudishia. “Nimekwama kwenye njiwa wa Waingereza,” alisema. “Hapa kwetu hakuna mfano?”

Kosa lilikuwa langu. Mfano upo, tena upo kinywani mwake.

Mhangaza wa Ngara husema amazi, na Mrundi vivyo hivyo. Mhaya husema amaizi, nasi katika Kiswahili twasema maji. Hakuna aliyeketi akaamua kuzitenga lugha hizi. Watu walihama, wakaachana, na kila kizazi kikarithi usemi wa wazazi pamoja na badiliko dogo, hata madogo yakalimbikizana yakawa makubwa. Historia ya Ngara yaonyesha mwanzo wa njia hiyo. Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilipogawana nchi, ikabaki Tanganyika. Hadi leo Mhangaza na Mrundi wanaelewana, ila shuleni mmoja hufundishwa Kiswahili na mwenzake Kifaransa, na maneno ya kuazima yameanza kupishana.

Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871, The Descent of Man, alilinganisha kutokea kwa lugha na kutokea kwa spishi. Mlinganisho huo una mpaka wake. Neno huweza kuazimwa kwa jirani, ilhali mnyama hurithi umbile kwa wazazi wake. Tena kwa viumbe kuna uteuzi asilia: wenye umbile linalofaa mazingira yao huacha wazao wengi zaidi.

Kwa somo hilo la pili tulishuka ziwani. Mwambao wa Chato ulikuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya wilaya kumegwa, na wavuvi wake wanawajua furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria. Aina zao hukadiriwa kuwa 500 hivi: wapo walao konokono, walao mwani, hata walao magamba ya samaki wenzao. Ziwa hilo lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo nyingi ya aina hizo ni changa mno. Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewachunguza furu huko Mwanza, aliandika habari zao kwa mtindo wa masimulizi. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996 kwa jina Darwin's Dreampond. Humo anaeleza pia jinsi sangara, samaki aliyeletwa kutoka nje, alivyowaangamiza furu wengi.

Hicho ndicho nilichompa mpwa wangu, naye amekimaliza. Swali alilorudi nalo nawaachia ninyi, wapenzi wa lugha: “Mjomba, ziwa ni letu na furu ni wetu; mbona kisa chao nimekisoma kwa Kiingereza?” Istilahi tunazo: mageuko, spishi, urithi, uteuzi asilia. Aliyepungua ni msimulizi.