Kicheko na Mzigo: Riwaya ya Ucheshi Mchungu na Vita vya 1914–1918 katika Afrika ya Mashariki

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya bandari ya Tanga. Nahodha wake, F. W. Caulfeild, hakuanza kwa kupiga mzinga. Alimjulisha kwanza ofisa wa Kijerumani aliyetawala wilaya kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamefutwa, akamtaka ausalimishe mji katika muda wa saa moja, kisha akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu. Mjerumani alijibu kwamba imetegwa, akasema hana budi kushauriana na wakubwa wake, akaenda zake, akapeleka simu, akavaa sare ya kijeshi. Bandari haikuwa imetegwa kitu. Waingereza walipoteza muda wa thamani wakiyatafuta mabomu yasiyokuwapo, na katika muda huo huo treni za reli ya Usambara zilikuwa zikiwaleta askari wa Paul von Lettow-Vorbeck kutoka Moshi.

Tarehe 4 Novemba jeshi la watu wapatao 8,000 lililotoka Bara Hindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilishindwa na askari wapatao 1,000. Katikati ya mapigano, makundi ya nyuki waliochokozwa na risasi yaliwavamia watu. Kiswahili kina neno moja, mzinga, kwa silaha na kwa makao ya nyuki. Siku hiyo huko Tanga mizinga ya aina zote mbili ilishiriki vitani. Waliosalia walirudi merikebuni, wakaacha nyuma bunduki, rashasha na risasi laki kadhaa, ambazo Wajerumani walizitumia baadaye dhidi ya wenyewe. Hata zikaenea habari kwamba nyuki wale walikuwa mtego uliotegwa na Wajerumani kwa ustadi. Ilikuwa rahisi zaidi kuusadiki ustadi wa adui kuliko kuukiri uzembe wa nyumbani.

Mkasa huo haukubuniwa na mtunzi. Hata hivyo una sifa zote za kijitanzu kimoja cha riwaya ya karne ya 20: riwaya ya ucheshi mchungu inayohusu askari na upuuzi wa vita. Suala linalostahili kuchunguzwa ni hili: kicheko cha riwaya hizo kinatoka wapi, na kinaishia wapi?

Utaratibu wa upuuzi

Msingi wa kijitanzu hiki uliwekwa na Jaroslav Hašek, Mcheki aliyelitumikia jeshi la Austria na Hungaria akatekwa na Warusi mwaka 1915. Riwaya yake juu ya askari Švejk ilianza kutolewa 1921, na mwandishi alifariki Januari 1923 kabla ya kuimaliza. Švejk ni mtu aliyekwisha kuthibitishwa na madaktari wa jeshi kuwa ni punguani. Haasi amri hata moja. Anazitii zote, kwa moyo mkunjufu na kwa ukamilifu, mpaka amri zenyewe zinaaibika. Miaka 40 baadaye, mwaka 1961, Joseph Heller wa Marekani, aliyewahi kuruka safari 60 za vita akiwa mdondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha Catch-22. Humo rubani mwenye wazimu anaruhusiwa kuacha kuruka endapo ataomba. Lakini akiomba, anathibitisha kuwa ana akili timamu, kwa hiyo lazima aruke.

Katika kazi zote mbili kichekesho hakitokani na fujo. Chanzo chake ni utaratibu. Cheti kimepigwa muhuri, amri imeandikwa kwa ufasaha, ofisa amesimama wima. Kila jambo liko mahali pake isipokuwa maana. Askari wa kawaida anakufa si kwa sababu kanuni zimevunjwa, bali kwa sababu zimefuatwa. Ndiyo maana mkasa wa Tanga unachekesha na kutisha kwa pamoja. Caulfeild hakufanya utovu wa nidhamu. Alitimiza wajibu wake kwa adabu, na adabu hiyo ilichangia kuwaua wenzake.

Vita vya aiskrimu

Vita vya Afrika ya Mashariki vilimpata mtunzi wake wa Kiingereza kwa kuchelewa. William Boyd, aliyezaliwa Accra mwaka 1952, alichapisha An Ice-Cream War mwaka 1982, na riwaya hiyo iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Jina lake linatokana na dhana ya mwanzoni mwa vita kwamba mapigano yasingeweza kudumu, kwa kuwa jua la nchi hizi lingewayeyusha wapiganaji kama aiskrimu. Dhana hiyo haikutimia. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Habari za amani zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa kwa siku chache.

Boyd ameuelewa vizuri utaratibu wa upuuzi. Mlowezi wa Kimarekani, Temple Smith, ananyang'anywa mashine yake ya kuchakata mkonge na jirani yake Mjerumani, na tangu hapo vita vyote, pamoja na mamilioni ya watu walioingizwa humo, kwake ni shauri la kuirudisha mashine. Kijana Gabriel Cobb anashuka pwani ya Tanga akiwa na ramani, amri na matumaini, na vyote vitatu vinamtupa. Nduguye Felix, anayekuja kumtafuta na hatimaye kulipiza kisasi, anamkuta mtu wake amekwisha kufa kwa homa ya mafua. Hata kisasi, ambacho katika tendi za kale ndicho kinachoipa vita sura ya haki, kinaporwa na ugonjwa usiojua bendera.

Lakini wahusika ambao msomaji anaingizwa nafsini mwao ni Wazungu. Mwafrika anapita pembeni ya ukurasa: anaongoza njia, anapika, anabeba. Hili si kosa la Boyd peke yake. Linatokana na umbo lenyewe la kichekesho. Ili mtu achekwe kwa kuitii karatasi, sharti awe na jina katika karatasi hiyo.

Mtu asiye na karatasi

Mpagazi hakuwa nalo, au kama alikuwa nalo, liliandikwa ovyo. Nchi haikuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa kubebea mizigo. Hivyo jeshi lilisafiri juu ya vichwa vya watu. Pande zote mbili ziliandikisha wapagazi kwa malaki, wengi wao kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakadiriwa na wanahistoria kuwa karibu 100,000, na wengi waliuawa na kuhara, homa na chakula kibovu, si risasi. Methali inasema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Haikusema kwamba nyasi ziliamriwa pia kuwabebea tembo mizigo yao.

Dar es Salaam inaonyesha tofauti hii waziwazi. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya mji Sanamu ya Askari, mwenye bunduki mkononi. Mpagazi hakuwekwa hapo. Kambi yake iliitwa kwa Kiingereza jina la kikosi chake, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya Kariakoo. Jina hilo hilo, kwa matamshi ya jirani, liko Nairobi pia. Askari alipata shaba, mpagazi alipata soko. Na maelfu wanaopita Kariakoo kila siku na mizigo vichwani na mabegani hawana haja ya kujua kwamba wanatembea juu ya jina la msiba.

Je, Kiswahili hakikucheka? Kilicheka, ila si katika riwaya. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, alionyesha jinsi vyama vya pwani kama Marini na Arinoti vilivyojipangia vyeo vya kijeshi na kifalme, vikavaa sare, vikaandamana kwa gwaride, na jinsi vita vilivyoisambaza ngoma hiyo bara pamoja na askari na wapagazi. Wataalamu wamebishana kama beni ilikuwa kuiga au kudhihaki. Ubishi huo unaweza kutatuliwa na Švejk: kuiga kukizidi ukamilifu, huwa ni dhihaka. Mtu aliyeamrishwa kwa miaka minne, akajitwalia ujenerali uwanjani mbele ya majirani zake, alikuwa ameielewa siri ya cheo kuliko waliokivaa kwa dhati.

Hitimisho

Tendi za Kiswahili zimeishughulikia vita kwa uzito, tangu utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya Wajerumani kuitwaa Mrima hadi Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert juu ya vita vya 1939–1945. Kicheko kiliachiwa ngoma, na ngoma haihifadhiki maktabani. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), amekwisha kumtoa askari wa Kiafrika pembeni ya ukurasa na kumweka katikati, ingawa si kwa njia ya ucheshi. Mpagazi bado anangoja. Atakayemwandika kwa Kiswahili atakutana na ugumu ambao Hašek na Heller hawakuujua: namna ya kuufanyia kejeli utaratibu uliomwua mtu, bila kumfanya mfu mwenyewe awe kichekesho. Waliocheza beni waliukabili ugumu huo kwa njia moja iliyo wazi. Walimwiga jenerali, wakawaachia wafu heshima yao.