Barua Mbili za Kujiuzulu

Februari 2024 Tanzania iliwapoteza wazee wawili waliowahi kuachia uwaziri kwa lawama: Edward Lowassa tarehe 10, Ali Hassan Mwinyi tarehe 29. Mmoja alifika Ikulu. Mwingine aliishia mlangoni, na ukifuata nyayo zao utaona kwamba tofauti ilianza siku ile ile ya kuondoka.

Ya Mwinyi ni fupi. Miaka ya 1970, watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi kule Mwanza na Shinyanga waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi wakafa. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumtesa mtu, lakini wizara ilikuwa yake, akajiuzulu. Akapelekwa ubalozini Misri, akarejea, na mwaka 1985 akawa Rais.

Ya Lowassa inaanzia kwenye ukame. Mwaka 2006 mabwawa yalipungua maji, mgawo wa umeme ukabana nchi, na kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura. Ilishindwa. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba huo, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilisoma ripoti yake Dodoma na kumwachia Lowassa, wakati huo Waziri Mkuu, ajipime mwenyewe. Lowassa akasimama bungeni, akalalamika kwamba kamati haikumhoji. Hapo alikuwa na hoja. Hata mwizi wa kuku husikilizwa kabla ya hukumu. Lakini hakuishia hapo. Alisema kinachowindwa ni uwaziri mkuu wake. Basi akawa amejiuzulu na kukataa lawama kwa pumzi moja, na wananchi wakabaki hawajui walichoshuhudia: uwajibikaji au kisasi cha wanasiasa.

Wapiga kura wa jimbo lake la Monduli hawakujali sana. Walimrudisha bungeni mwaka 2010. Mwaka uliofuata chama chake, CCM, kikaja na wimbo wa kujivua gamba, yaani watuhumiwa wa ufisadi waachie nafasi zao. Mwenzake Rostam Aziz akaachia ubunge wa Igunga, Lowassa akatulia tuli.

Kisha Julai 2015. CCM ilikata jina lake Dodoma kwenye mchujo wa wagombea urais, naye akahamia Chadema na kugombea huko, chama kile kile cha upinzani ambacho Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, kilimtaja kwenye orodha ya mafisadi. Majibu yake kuhusu Richmond yalikuwa mawili: kwamba alitaka mkataba uvunjwe ikaja amri kutoka juu, na kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani. La pili lilikuwa kweli kisheria, maana hakuwahi kushtakiwa kwa Richmond. Ila mpiga kura si hakimu. Alitaka kusikia mkasa wote kutoka kwa mtu aliyekuwepo, naye alipewa kipande. Hotuba zake za kampeni zilikuwa za dakika chache.

Ujio wake uliigharimu Chadema: kiongozi wake Dk. Wilbroad Slaa, aliyeisoma orodha ya Mwembeyanga, alijitoa kwenye siasa za vyama. Mimi naona hasara kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Kwa miaka minane upinzani ulikuwa umeishi kwa hoja ya ufisadi. Ghafla haukuweza kuinua mdomo, na John Magufuli, mgombea wa chama kilichotawala wakati wa Richmond, akaiokota hoja hiyo na kuahidi mahakama ya mafisadi.

Lowassa apewe haki yake: asilimia 39.97, kura zaidi ya milioni 6, hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amezifikia tangu vyama vingi virudi. Umati wa mikutano yake ya kampeni Jangwani haukuwa wa kukodi. Tuhuma hazikummaliza Lowassa. Zilimnyima wale waliokuwa wakisitasita, waliohitaji jibu moja lililonyooka, na Magufuli akapita kwa asilimia 58.46. Machi 1, 2019, Lowassa alirudi CCM.