Kutoka Banda la Umma hadi Kiganjani: Historia ya Picha na Vizazi Vitatu vya Kojani

Kila chombo cha kupashana habari kina pande mbili. Upande wa kwanza ni mitambo: mnara, waya, kioo, betri. Upande wa pili ni mahusiano ya watu: nani anaimiliki mitambo hiyo, nani analipa, nani anasema na nani anasikilizishwa. Wengi wetu tunapozungumzia televisheni na simu tunaishia upande wa kwanza. Tunastaajabia mitambo, kisha tunawalaumu vijana. Katika makala hii tunakusudia kuuchunguza upande wa pili, na tumechagua kufanya hivyo kwa kuitazama Kojani.

Kojani ni kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Nyumba zake zimesongamana na maisha ya watu wake yameegemea bahari. Wavuvi wa Kojani wanajulikana mwambao mzima kwa kwenda dago: huacha nyumba zao na kuzifuata pepo za kaskazi na kusi, wakapiga kambi Unguja, Tanga, Mafia na pwani ya Kenya, kwa wiki au miezi. Hivyo swali la habari kwa Mkojani si swali la anasa. Ni swali la mtu aliye mbali na watu wake. Mama amejifungua? Nani amefariki? Samaki wana bei gani? Tunaomba msomaji alishike swali hilo, maana ndilo litakalotuongoza hadi mwisho.

Rangi zilizolipwa na karafuu

Mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni, tena ya rangi, ikawa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika kusini ya Sahara. Tanzania Bara ilichukua njia nyingine. Uongozi wake uliona kwamba chombo hicho cha gharama kubwa kingewahudumia wachache wa mijini, na kwamba redio ndiyo inayomfikia mkulima. Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na vituo vya mwanzo vilikuwa vya watu binafsi. Televisheni ya Taifa ilifuata baadaye.

Zanzibar ilipata wapi uwezo huo? Jibu ni karafuu. Katika miaka ile fedha za kigeni za Visiwa zilitoka hasa kwenye zao hilo, na bei ilikuwa nzuri kwa sababu viwanda vya sigara vya Indonesia viliihitaji karafuu kwa wingi. Sehemu kubwa ya karafuu hiyo ilichumwa Pemba. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba mkono uliopanda juu ya mkarafuu wa Pemba ulichangia sana kununua rangi zilizoonekana kwenye kioo.

Lengo la Serikali ya Mapinduzi lilikuwa kwamba televisheni isiwe pambo la sebule ya tajiri. Ndiyo maana kulikuwa na mabanda ya umma ambamo watu walitazama pamoja. Wakubwa na wadogo, waliosoma na wasiosoma, walikaa mbele ya kioo kimoja. Hatua hiyo ilikuwa ya kimaendeleo, na haifai kuidharau. Chombo kilikuwa mali ya umma, na kutazama kulikuwa tendo la umma.

Hata hivyo, mali ya umma si lazima iwe imegawanywa sawa kwa umma. Televisheni inahitaji umeme, na hapo ndipo historia ya Pemba inapoachana na historia ya mjini Unguja. Unguja iliunganishwa na gridi ya Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Pemba iliendelea kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, yenye mafuta ghali na uwezo mdogo. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 78, ulianza kuihudumia Pemba mwaka 2010. Tuhesabu: kutoka 1973 hadi 2010 ni miaka 37. Mtoto aliyezaliwa siku televisheni ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla umeme wa kuaminika haujakifika kisiwa kilichochuma karafuu.

Sasa tunaweza kulipima upya lile lalamiko linalosikika barazani, kwamba “vijana wa leo wameiacha televisheni”. Kwa mtu wa mjini maneno hayo yana ukweli wake. Kwa visiwa vidogo kama Kojani ni maneno ya haraka. Huwezi kukiacha kitu ambacho hakijakukalia nyumbani. Chombo kilichomfikia mvuvi wa kizazi cha kwanza ni redio, iliyotumia betri na kuingia chomboni. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na baada ya Mapinduzi redio ilibaki ndiyo inayosoma matangazo ya vifo, ile habari ambayo mtu wa dago huitegea sikio kuliko hotuba yoyote.

Kizazi cha mikanda

Katikati ya miaka ya 1980 mambo mawili yalikutana. Bei ya karafuu ilianguka, kwani Indonesia ilikuwa imepanda mikarafuu yake yenyewe. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1984, Zanzibar ililegeza biashara, na bidhaa kutoka Dubai zikaanza kuingia kwa wingi. Jamaa waliokuwa Oman na nchi nyingine za Ghuba walituma deki za video na mikanda. Yakazaliwa mabanda ya video: jenereta dogo, kioo kimoja, mikeka au mabenchi, na kiingilio mlangoni.

Kwa macho ya haraka banda la video ni ndugu wa banda la umma, maana watu bado walikaa pamoja. Lakini uhusiano ulikuwa umebadilika. Katika banda la kwanza mtu alikuwa raia. Katika banda la pili alikuwa mteja. Picha za Kihindi na za mapigano ya Kichina zilichaguliwa kwa kuwa zilijaza banda. Mwenye banda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafuta ya kununua. Ila hesabu yake ndiyo iliyopanga nini kitazamwe. Hiyo ndiyo sheria ya soko, na sheria hiyo haihitaji nia mbaya ya mtu yeyote ili ifanye kazi.

Kizazi cha kiganjani

Mwaka 2009 waya wa kwanza wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata EASSy. Simu zenye kioo zikashuka bei. Huko duniani YouTube ilikuwa imeanza mwaka 2005, na Netflix ilianza kuzipeleka filamu zake kwa mtandao mwaka 2007, ikaifikia Tanzania mwaka 2016. Hapa kwetu mitambo ya zamani ya kurusha picha ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012; tangu hapo mwenye televisheni alihitaji kingamuzi. Mwaka 2013 televisheni na redio ya Serikali ya Zanzibar ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Mwezi Desemba mwaka huo huo Azam TV ilianza kazi, na baadaye nayo ikaingia kwenye simu.

Namna hii mpya ya kutazama inafanyaje kazi? Televisheni ya mnara hurusha picha moja kwa wote. Watazamaji wakiwa 10 au 10,000, gharama ya kurusha ni ile ile, na mtazamaji hapimiwi. Picha ya mtandaoni huletwa vipande vipande kwa kila mtu peke yake, na kila kipande huhesabiwa. Saa moja ya picha ya kiwango cha kati huweza kula megabaiti 500 au zaidi. Mwenye bando dogo hulimaliza kabla filamu haijafika kati. Kwa hiyo ile hesabu ya mlangoni mwa banda la video haikufa. Imehamia ndani ya simu, na mlinda mlango wake haonekani.

Migongano iliyomo

Tukiishia hapa tutakuwa tumesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mwalimu mbaya. Kila hatua ya historia hubeba migongano ndani yake. Tuitaje mitatu.

Kwanza, mgongano wa umiliki na usemi. Televisheni ya 1973 ilikuwa mali ya umma, lakini usemi wake ulikwenda njia moja: mjini walisema, shamba walitazama. Mvuvi alionyeshwa, hakuonyesha. Simu ya leo imetengenezwa na makampuni ya mbali na picha zake zimehifadhiwa kwenye mitambo ya mbali, lakini kijana wa Kojani anaweza kuichukua sura ya baba yake akishona wavu, kwa lafudhi yake mwenyewe, na ikaonekana siku hiyo hiyo. Kizazi cha kwanza kilimiliki chombo bila sauti. Kizazi cha tatu kina sauti bila kumiliki chombo.

Pili, mgongano wa upweke na umoja. Tunaambiwa kwamba simu imeivunja jamaa, kila mtu na kioo chake. Lakini tumtazame mtu wa dago. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba waliokaa Kilifi na Kwale kwa vizazi bila vitambulisho, wengi wao wakiwa watu wa bahari. Kwa watu kama hao, waliotawanywa na kazi, simu ndiyo baraza. Kitu kile kile kinachomtenga kijana na mzee waliokaa chumba kimoja kinamuunganisha mvuvi na mama yake aliye ng’ambo ya bahari. Na siku ya mechi kubwa utawakuta vijana hao hao wenye simu wamejazana mbele ya kioo kimoja. Sehemu wanakwepa gharama ya bando, sehemu wanataka kupiga kelele pamoja. Umoja haukufa, unatafuta mahali pa kukaa.

Tatu, mgongano wa wingi na kumbukumbu. Hapakuwahi kuwa na picha nyingi kama leo, na hapakuwahi kuwa rahisi kuzipoteza kama leo. Simu ikianguka majini, au kampuni ikibadili masharti yake, miaka mitano ya harusi, mazishi na safari za bahari inakwenda na maji. Mkanda wa zamani uliliwa na ukungu. Picha ya leo hupotea bila hata ukungu kuonekana.

Wajibu wetu

Nini basi kifanyike? Tunakataa majibu mawili mepesi. La kwanza ni la mzee anayesema simu zizuiliwe. Historia hairudishwi nyuma kwa amri, na huko nyuma kwenyewe Pemba haikuwa imepewa fungu lake. La pili ni la kijana anayesema soko litatengeneza kila kitu. Soko lilikuwa na nafasi katika banda la video, na tumeona lilichagua nini.

Njia iliyo sawa inaanza na somo la 1973: kwamba kutazama kunaweza kuwa huduma ya umma. Ikiwa mabanda yaliwezekana kwa fedha za karafuu, mtandao wa umma usiopimwa kwa megabaiti unawezekana katika skuli na madiko. Shirika la umma lenye kumbukumbu za miaka 50 lina wajibu wa kuzihifadhi na kuzifungulia watu, hasa wale ambao wazee wao walizilipia. Na wanafunzi wanaotoka visiwa vidogo wana wajibu wa kuwarekodi wazee kuhusu pepo, nyavu na dago, kisha kuiweka nakala mahali pa umma kabla ya kuitupa mtandaoni.

Tuna neno moja pia kwa makada. Kada anayefika kijijini na kuwakuta vijana wameinamia simu asianze kwa kuwakaripia. Aulize: wanatazama nini, wanalipa kiasi gani, na fedha hiyo inakwenda wapi? Kisha akae na mzee amuulize: mwaka 1973 wewe ulitazama wapi? Majibu ya maswali hayo mawili, yakiwekwa pamoja, yatamfundisha uchumi wa siasa wa habari kuliko vitabu vingi.

Mkono ulioichuma karafuu ulinunua rangi na haukuziona kwa wakati. Mkono unaonunua bando leo usingoje miaka 37 mingine.