Soko la Wakulima Mpakani

Miji ya Busia na Malaba imekaa ukingoni mwa Kenya upande wa magharibi, ikitazamana na Uganda. Msafiri apitaye huko huona kwanza safu ndefu ya malori, akadhani kwamba hayo ndiyo biashara yote ya mpakani. Lakini kando ya barabara iko biashara nyingine, kongwe kuliko barabara yenyewe. Wanawake wameketi nyuma ya marundo ya mahindi, maharagwe, wimbi, mtama, karanga, mihogo mikavu na omena, wakipima kwa gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili hivi. Insha hii yataka kuonyesha faida ya soko la namna hiyo kwa mkulima na kwa mnunuzi. Shahidi wetu atakuwa historia, kwa maana thamani ya soko hujulikana zaidi siku linapofungwa.

Kabla ya kuwako mpaka wowote, watu wa nchi hii walikuwa wakibadilishana mali. Wasamia walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalitafutwa sana na majirani. Jembe lilibadilishwa kwa nafaka au mifugo, na lilitumika hata katika mahari. Aliyekuwa na chuma alimhitaji mwenye mtama, na mwenye mtama hakuweza kulima bila chuma.

Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki katika Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Kabla ya hapo Uganda ilienea mashariki hata Naivasha. Mpaka mpya ukafuata kwa sehemu mito ya Sio na Malaba, nao Wasamia na Wateso wakajikuta wengine huku, wengine kule. Hata hivyo mpaka huo haukuwa mzito mwanzoni, kwani mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa. Mama aliyejitwika kikapu chake alivuka kwenda kwa shemeji yake, akauza, akarudi.

Faida ya kuvuka huko yatokana na mvua. Mashariki mwa Uganda mavuno ya kwanza ya mahindi hutoka kati ya Juni na Agosti, wakati maghala mengi ya Kenya yamekwisha kuwa matupu. Mashamba makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuvunwa baadaye, kuanzia Oktoba. Basi nafaka ya jirani huja pale hasa njaa inapobisha hodi. Mnunuzi hupata chakula kwa bei nafuu, na mkulima hupata fedha za karo na za mbegu. Tena, mikono inapokuwa michache kati ya shamba na jungu, fungu kubwa la fedha hubaki kijijini. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa tutazame siku za kufungwa. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Kenya ilianza kuyashika mahindi mkononi mwake. Bei ilitangazwa na serikali, na kuyahamisha kutoka wilaya hadi wilaya kulihitaji kibali. Sheria za namna hiyo, kwa sura mbalimbali, zilidumu hata miaka ya 1990. Mwenye kuvuna alizuiwa kumpelekea mwenye njaa, na biashara iliyokuwa halali machoni pa wazee ikaitwa magendo.

Magendo yalizidi katika utawala wa Idi Amin, aliyetwaa Uganda mwaka 1971. Bidhaa kama sabuni, chumvi na sukari ziliadimika huko. Kisha, mwezi wa Julai 1975, baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na kahawa ya Uganda ikamiminika kwa siri hata Chepkube, kaskazini mwa Malaba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Lakini watu hawakuacha kuvuka. Vijana wenye baiskeli, ambao tangu miaka ya 1960 walikuwa wakiwapakia abiria kutoka kituo cha mpaka hadi kituo, waliendelea na kazi yao. Kwa neno la Kiingereza la mpaka wakaitwa bodaboda, jina ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Jumuiya mpya ilianza mwaka 2000, na umoja wa forodha mwaka 2005. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mwenye shehena ya bidhaa zilizokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Hata hivyo soko halijawa salama daima. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, watu wa kawaida walizuiwa kuvuka, na mama wa gorogoro akakaa bure ilhali malori yakipita. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti.

Tusiseme kwamba serikali haikuwa na sababu. Sumu hiyo huua, na mahindi yasiyokaushwa vema huizaa. Lakini dawa ya mahindi mabichi ni kuyaanika na kuyapima. Soko linapofungwa, mwenye njaa hupita njia za panya, na huko hakuna apimaye chochote.

Vijana wanaosoma insha hii wana kazi hapo. Wengi wa wauzao mpakani hawajui kwamba cheti kile kipo, wala hawawezi kukisoma. Mwanafunzi wa Busia ajuaye kusoma na kuhesabu aweza kumweleza mama yake haki yake, na kumwonyesha jinsi ya kukausha nafaka kabla ya kuitia guniani. Akifanya hivyo, mama huyo atapita mlangoni mchana, mbele ya askari, bila kuogopa.