Kuoga, Kuogea, Kuogelea

Aliyeliunda neno kuogelea hakwenda mbali kulitafuta. Alikichukua kitenzi kuoga, akakinyambua kikawa kuogea, akakinyambua tena kikawa kuogelea, kama vile kwenda kulivyozaa kuendea na kuendelea. Kwa kauli ya lugha yenyewe, basi, mwenye kuogelea ni mtu aliyeingia majini kuoga kisha asitoke, ameendelea. Nimelichungua neno hili miaka mingi, kwanza kwa haja ya kutafsiri, ambapo kila wazungu wakirukapo majini kwa raha zao mimi huwa natafuta namna ya kuwazuia wasionekane wanajisugua kwa sabuni. Baadaye nimelichungua kwa sababu nyengine ambazo si za kamusi.

Wazee wetu walikuwa na siku yao ya kuingia baharini, nayo ni Siku ya Mwaka, Nairuzi. Mwaka huo ni wa jua, una siku 365 bila ya siku ya nyongeza, nao ulihesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mkulima aliutazama apate kujua lini apande, na nahodha apate kujua lini apandishe tanga. Kwa kuwa hauna nyongeza, huteleza siku moja kila miaka minne kwa hesabu ya kalenda ya ofisini, na siku hizi waangukia mwezi wa Julai. Alfajiri ya siku hiyo watu wa pwani waliteremka kuoga baharini. Majumbani moto wa kale ulizimwa, majivu yakatupwa, ukawashwa moto mpya. Makunduchi wameuhifadhi mwaka wao hadi leo. Watu huwatambua kwa kupigana kwa migomba na kwa kibanda cha makuti kinachotiwa moto, maana hayo ndiyo yanayopendeza katika picha. Lakini jina lenyewe, Mwaka Kogwa, halitaji fimbo wala moto. Kogwa yatokana na koga, ndiyo kuoga kwetu. Kuingia majini kule hakukuwa mchezo. Ilikuwa kuuvua mwaka kama mtu avuavyo nguo chafu.

Kuogea ni jambo la majumba. Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shehrzade, nyumba ya kuogea huko Kidichi takriban mwaka 1850, na mapambo ya chokaa ya kuta zake bado yapo. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliujengea mji hamamu ya kulipia. Imekwisha kukauka, lakini imeuachia mtaa jina lake, Hamamni. Binti wa Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844 na akaishia Ujerumani, aliyataja mabafu ya kasri la Mtoni katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886. Katika kitabu hicho hicho aeleza kwamba watoto wa kasri, wa kike na wa kiume, walifundishwa kupanda wanyama wangali wadogo. Nimekisoma kwa jicho la mwenye kutafuta kitu kimoja tu, na kupanda farasi na punda nimekuona. Bahari nayo iko pale pale chini ya dirisha, yaangaliwa na kusafiriwa.

Hapa yafaa nisimame kidogo. Husimuliwa kwamba Khalifa Umar aliwahimiza Waislamu wawafundishe watoto wao kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi. Wenye kuipokea kauli hii huku kwetu aghalabu huifahamu kwamba yawahusu wavulana. Neno linalosimuliwa ni aulad, na mwenye kuyajua mambo ya mirathi hahitaji kukumbushwa kwamba Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa, yalitumia neno hilo kisha yawagawia chini yake mwanamume na mwanamke. Sisemi haya kwa kutoa fatwa. Mimi si mwanachuoni, na elimu yangu nimeiokota njiani. Nasema tu kwamba mfasiri anayeandika "wana wenu wa kiume" mahali hapo ametia mkono wake mwenyewe.

Wavulana hawakuingoja tafsiri. Mwenye kufika Forodhani maji yakiwa yamejaa, magharibi inapokaribia, huwaona wakitoka mbio na kuchupa kutoka ukutani, mmoja kwa kichwa, mwengine amejikunja kama chaza, huku wageni wakiwatazama. Bustani ile ilitengenezwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya jubilii, ikafanywa upya na kufunguliwa tena 2009. Beit al-Ajaib iliyo nyuma yake, ya mwaka 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Katika yote hayo wavulana wameendelea kuchupa. Mimi nilijifunza kwa kusukumwa kutoka kwenye mashua na kaka zangu, nikanywa maji ya kutosha, nikaelea. Dada zetu walikaa pwani wakituangalizia nguo. Hakuna aliyewakataza kwa maneno. Hapakuwa na haja.

Kisha zikaja hoteli. Serikali iliufungua mlango wa utalii katikati ya miaka ya 1980, na ufukwe ambao ulikuwa mahali pa kuanika dagaa na kusuka kamba ukawa kitu cha kupimwa kwa mita. Nungwi na Kendwa zilipendwa mapema kwa kuwa bahari yake haiwakimbii watu. Mashariki, Paje na Jambiani, maji hupwa hadi mwambani, na mgeni aliyezoea bahari isiyohama husimama na taulo lake akidhani ametapeliwa. (Pwani yenyewe, tukumbuke, ni pale panapopwa.) Huko mashariki wageni wamepata mchezo mwengine: hujifunga tiara kubwa kiunoni, husimama juu ya ubao, na kaskazi au kusi huwaburura juu ya maji. Upepo uliowaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni na kuwarejesha sasa humtoa mtu upande huu wa rasi na kumrudisha papo hapo. Sioni ubaya. Upepo haujapata kuwa na mwenyewe.

Lakini chini ya tiara zile wapo wanawake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani hiyo hiyo ya mashariki, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Hungojea bamvua, maji yapwe sana, wakaingia na vigingi na kamba zao, wakafanya kazi wameinama hadi maji yarudi. Aina yenye bei nzuri, kotoni, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyopata joto. Ili iote yataka kupelekwa penye kina. Na penye kina mkulima haendi, kwa kuwa hajui kuogelea. Mtu huyu ameshinda baharini nusu ya umri wake, anajua saa ya kupwa na kujaa bila ya kutazama saa, na bahari ikimfika kifuani lazima ageuke nyuma. Kando yake, mgeni wa wiki moja anapita akicheka kuelekea mwambani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyojaa kupita kiasi, ilizama mkondoni ikielekea Pemba. Mamia walikufa. Waliookoka wengi walishikilia magodoro na chochote kilichoelea, na miongoni mwa waliotoka Nungwi kwenda kuwaopoa walikuwamo wavuvi na boti za kuwazamisha watalii kutazama samaki. Tarehe 18 Julai 2012, katika mawimbi ya kusi, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Sidai kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Mkondo wa Pemba haumheshimu bingwa. Lakini dakika za kulifikia godoro ni dakika za mwenye kujua kuelea, na siwezi kuzifikiria bila ya kuwakumbuka waliotuangalizia nguo.

Katika miaka iliyofuata wasichana wa Nungwi walianza kufundishwa kuogelea, wamevaa nguo zinazowafunika mwili mzima, na walimu wanawake wakiwa majini pamoja nao. Hawakuanza kwa kuchupa. Walilala chali, kila mmoja amekumbatia kifuani dumu tupu la plastiki, masikio yamo ndani ya maji, macho yanatazama mbingu, na mwalimu ameweka kiganja chini ya shingo. Kisha kiganja kikaondolewa, na baadaye dumu.