Historia Iliyosukwa kwa Mikono

Kila mwaka, mwezi wa Februari, hufanyika mjini Songea ukumbusho wa Vita vya Majimaji, kwa maana tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga huko wakuu wa Wangoni, na Nkosi Mputa Gama miongoni mwao. Watu humiminika kutazama mikuki na ngao. Penye mikeka, nyungo na vikapu hupita upesi, wakiuliza bei tu. Nami naona ya kuwa hapo wanaipita nusu ya historia yetu.

Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, nao walikuwa watu wa ng'ombe: ngao yao ngozi, vazi lao ngozi. Watu wao walipoitamalaki nchi hii waliwatia chini yao Wandendeule na mateka wa makabila mengine, wakawaita sutu. Hao sutu hawakuwa watu wa mikono mitupu. Kabla ya merikani kufika kwa wingi kutoka Kilwa, wengi katika bara la kusini walivaa nguo za magome. Fundi huchagua mti wa jamii ya miombo, hubandua gome, huondoa ganda la nje, huliloweka, kisha huligonga kwa nyundo ya mti yenye mifuo hata likawa laini na kupanuka. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipokatiza biashara ya nguo, mahali kadhaa magome yalirudi mwilini. Ndiyo kusema ujuzi ulikuwa haujafa. Mkeka nao una hesabu yake: ukindu hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu mwembamba, ndipo ukili hushonwa ubavu kwa ubavu.

Mshindi alitawala, lakini watoto wake walilelewa na mama wa nchi. Lugha ya kusini ikapotea. Kingoni cha Songea ni lugha ya wenyeji, chenye maneno machache tu ya asili ile. Si ajabu, basi, mjukuu wa mpiga mkuki akalala juu ya mkeka wa ukindu.

Wangoni wa Maseko, waliotangulia kufika hapa na kufukuzwa katika miaka ya 1860, walikwenda kutawala Wachewa, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Huko ndiko kwenye vinyago vya kusuka. Chama cha nyau husuka fito na nyasi umbo la mnyama, kubwa hata mtu kuingia ndani na kulichezesha matangani. Wangoni waliishinda nchi, ila siri ya nyau ilibaki kwa Wachewa. Wamisionari walikipinga chama hicho, maana kiliwazuia watoto wasiende shule, nami siwalaumu. Lakini kusuka kwenyewe si dhambi. Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema. Na katika misheni ya Mua, nchini Malawi, ambako Padre Claude Boucher alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976, vinyago vya nyau vimetundikwa ukutani katika jumba la makumbusho la misheni yenyewe.