Mpiga Viatu Rangi na Sheria: Ushujaa wa Marcel Marx katika *Le Havre*

Uhakiki wa wahusika umezoea kumtafuta shujaa miongoni mwa watu wa nasaba au wenye nguvu. Marcel Marx, mhusika mkuu wa filamu ya *Le Havre* (2011) yake Aki Kaurismäki wa Ufini, hana lolote kati ya hayo. Ni mzee mpiga viatu rangi katika mji wa bandari wa Le Havre, Ufaransa. Katika *La Vie de bohème* (1992), filamu ya mtunzi huyohuyo, Marcel alikuwa mwandishi fukara. Sasa uandishi ameuacha, ufukara haujamwacha.

Polisi wanapofungua kontena lenye wahamiaji kutoka Gabon, mvulana Idrissa anatoroka. Marcel anamlisha, anamficha nyumbani mwake, kisha anatafuta fedha za kumvusha bahari ili amfuate mamake London.

Ujasiri huu hauwezi kupimwa nje ya historia. Amri ya tarehe 2 Mei 1938 ilifanya kumsaidia mgeni asiye na vibali kuwa kosa nchini Ufaransa, na ile ya mwaka 1945 ikaliendeleza. Kosa hilo lilikuwa lingali katika sheria filamu hii ilipotoka. Ilikuwa tarehe 6 Julai 2018 ambapo Baraza la Katiba liliamua kwamba undugu ni kanuni ya kikatiba, na kwamba mtu yu huru kumsaidia mwenzake kwa ajili ya utu, awe na vibali au asiwe navyo. Hata hivyo, kumsaidia mgeni kuingia nchini kuliendelea kuwa kosa.

Yamkini mhakiki atadai kwamba hii ni ngano tu. Arletty, mkewe Marcel, anapona maradhi mahututi, naye inspekta Monet anamkinga mvulana dhidi ya polisi wenzake. Dai hilo lina uzito. Lakini neema hizo zinakuja baada ya tendo. Marcel anapoufungua mlango wake hajaahidiwa chochote, na tayari yupo jirani anayewapigia polisi simu. Aidha, wenye maduka waliokuwa wakimdai ndio wanaomletea chakula cha mgeni.

Kwa hivyo, tunamstahi Marcel kwa alilothubutu kutenda wakati sheria ilipokuwa dhidi yake. Uamuzi wa 2018 ulikuja miaka saba baadaye. Mvulana majini asingeweza kuusubiri.